Chausiku Katika Daftari la Wageni

“Asiyeaga hurudi mgeni.” Mmemsikia shangazi yenu akimtupia Hemedi, anayetaka kwenda Doha kimyakimya na kupangisha nyumba aliyoachiwa na baba yake, mkacheka. Chimbuko la methali hiyo nalijua mimi. Siku ilipozaliwa nilikuwa mjumbe wa mtaa huu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Chausiku Mbwana aliijenga nyumba ile ya kona kwa miaka tisa ya kupika maandazi. Hati hakuwa nayo. Wakati ule, huku kwetu Tanga, hati ya mtu ilikuwa majirani zake. Alipopata kazi Muscat aliogopa kijicho, akatuambia anakwenda Korogwe kumuuguza dada yake. Nyumba akampangisha bwana mmoja, Sefu, kwa maneno matupu, wala hakumleta kwangu nimwandike. Lo, siri gani ile! Alifunga mdomo akaacha mlango wazi.

Mwaka wa tatu Sefu akatangaza kwamba nyumba aliinunua kwa Chausiku, na sasa anaiuza. Tuliamini. Nilimwandika kwa mkono wangu kuwa mwenye nyumba, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Siku ya kuuziana tulikusanyika barazani. Mnunuzi alikwisha kushika kalamu, Chausiku akashuka kwenye bajaji na begi lake. Sefu alikuwa ameacha kupokea simu za Chausiku, naye Chausiku kwa hofu akaomba likizo ya mwezi mmoja kazini kwake Muscat.

“Nyumba yangu hiyo! Jamani, semeni!”

Sefu akatabasamu. “Dada, si uliniuzia mwenyewe?”

Nikamwuliza Chausiku, “Ulipompangisha, nani alikuwepo?”

“Mimi na yeye.”

“Na safari, ulimuaga nani?”

Akamtazama Bi Mwanjaa, jirani yake wa kuazimana chumvi. Bi Mwanjaa alikuwa analia kwa hasira.

“Nilifunga safari mpaka Korogwe kumwona mgonjwa, Chausiku. Nikamkuta dada yako anapalilia mihogo! Kujenga nilikuona, nitaapa. Kama uliuza au hukuuza nitajuaje, na hata uendako ulinificha?”

Kiapo kile kilimtisha mnunuzi, akaondoka. Lakini hakikutosha kumtoa Sefu. Alibaki ndani, na shauri likapelekwa baraza la ardhi. Chausiku hakuwa na pa kulala. Bi Mwanjaa akabeba begi lake kwa kununa, akampeleka kwake.

Siku zile anayelala kwa mtu lazima aandikwe kwa mjumbe. Nikafungua daftari la wageni: jina, atokako, aliyefikia kwake. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, na wanangu, nikaiweka kalamu chini.

“Andika tu, mjumbe,” akaniambia. “Asiyeaga hurudi mgeni.”

Shauri lilichukua mwaka na nusu. Nyumba aliipata. Kibali chake cha kukaa Muscat kilikwisha akingali anangoja, na kazi akapewa mwingine.

Haya, Hemedi. Kijicho kipo, sikatai. Lakini mpangaji wako mpeleke kwa mjumbe akaandikwe, na kabla hujapanda ndege upige hodi nyumba zote za jirani, hata kwa yule usiyesemezana naye. Asiyeaga hurudi mgeni.