Mtungi wa Ukweni

Kila Mama Anasia alipopika pombe ya mbege, Mwenyekiti Lyatuu alidai mtungi, la sivyo angemfungia kilabu. Safari hii mtungi ulikuwa mmoja tu, wa kupeleka ukweni kwa mwanawe.

"Lete huohuo," Mwenyekiti aliamuru.

Mama Anasia akaupeleka, akautua mbele ya Mwenyekiti na wageni wake.

"Haya, onja." Kwao mleta pombe huonja kwanza, watu wajue haina sumu.

"Siwezi, Mwenyekiti. Jana nimeokoka."

"Onja kidogo tu!"

"Mungu anaona. Kunywa wewe."

Wageni walitazamana. Mwenyekiti akaiweka chini kata ya kuchotea pombe. "Ondoa mtungi wako!"

Alasiri, ukweni, Mama Anasia alichota kata ya kwanza, akainywa yote.

"Si tumesikia umeokoka?" mkwewe alishangaa.

"Wokovu nimeuacha kwa Mwenyekiti. Karibuni."