Ufunguo wa Stoo ya Misiba

Mtu mmoja alikuwa na ufunguo wa stoo. Aliitwa Otmari, na stoo ilikuwa mali ya chama cha kuzikana cha kijiji chake, kijiji cha wakulima wa kahawa kilichokaa kwenye mteremko, nyumba nyingine juu, nyingine chini, na katikati chemchemi moja ambayo wote waliitegemea. Ndani ya stoo mlikuwa na sufuria tatu kubwa ambazo mtu mzima angeweza kukaa ndani akaoga, maturubai mawili, viti vya plastiki, majagi ya kunawisha watu mikono, makoleo na sururu. Kila kitu kilikuwa na namba ya rangi nyekundu. Otmari aliutunza ufunguo huo miaka kumi na mmoja, ameufunga kwa kamba shingoni, na hakikupotea hata kikombe. Wapo waliokabidhiwa wizara wasioweza kusema hivyo.

Chama kilikuwa na kanuni moja, na hata watoto waliijua. Nje ya stoo ilining'inia ringi ya gurudumu la lori. Ikigongwa, kuna aliyekufa, na hapo kila mtu aliacha jembe lilipo akaja. Isipogongwa, stoo haifunguliwi. Wenye harusi walikuja kuomba viti wakanyimwa. Padri alikuja kuomba turubai la kipaimara, akanyimwa kwa heshima zote. Watu walijivunia kanuni hiyo. Wageni waliofika kuzika walirudi kwao wakisimulia: pale, bwana, mtu anazikwa. Hakuna aliyerudi akisimulia jinsi mtu anavyoishi pale, lakini pia hakuna aliyeuliza.

Mke wa Otmari aliitwa Gaudensia, naye ndiye aliyepika chai ya misiba yote. Watu walisema chai yake yenye tangawizi ndiyo iliyowafanya wakae msibani mpaka mwisho. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa mbali, wakabaki wawili, wakigombania redio. Otmari hakujua kupika hata uji, na hakuona sababu ya kujua.

Alikuwepo pia Skolastika, mhudumu wa afya wa kijiji. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akiuliza mambo ambayo mtu mwenye haya haulizi. Choo chenu kina mfuniko? Maji ya kunywa mnachemsha? Mnanawa kwa sabuni, au mnalowesha vidole tu? Wakampa jina, Mama Choo. Akipita njiani alisikia, "Mama Choo, leo bado sijaenda, pitia kesho!" na watu wakaangua kicheko. Naye alicheka, maana kazi ile ukiifanya bila kucheka utalia.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha wiki nzima bila kupumzika. Vyoo viwili vya nyumba za juu vikabomoka, na maji yaliyopita humo yakateremka moja kwa moja hadi chemchemi. Skolastika alipanda akaona kwa macho yake, akashuka akiwa na tope hadi magotini. Siku hiyo hiyo wagonjwa wa kuhara na kutapika walikuwa wanne. Kesho yake walikuwa tisa.

Akaenda kwa kamati ya chama, ambayo ilikuwa imekaa barazani kwa mwenyekiti, Otmari naye akiwemo. Hakuomba makubwa. Aliomba zile sufuria zikae karibu na chemchemi mpaka mvua ipungue, maji yachemshwe kwa zamu, na kila nyumba ichukue ya kunywa, kwa kuwa kuni zimelowa na sufuria za nyumbani ni ndogo. Aliomba majagi ya kunawia. Aliomba wanaume waje na makoleo nusu siku tu, wachimbe mfereji wa kukinga maji machafu yasifike chemchemi, na kule juu wachimbe shimo jipya la choo, lenye mfuniko.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Kisha akauliza, "Nani amekufa?"

"Bado," alisema Skolastika.

Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na togwa. "Basi, Mama Choo," akasema yule aliyepaliwa, akijifuta macho, "ukipata marehemu, uje." Otmari naye alicheka, ingawa si kuliko wengine, na mkono wake ukaenda shingoni kuhakikisha kwamba ufunguo upo.

Alipomsimulia mkewe, Gaudensia hakucheka. Alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko ndani. "Baba Hilda, sufuria moja tu. Nitaisugua mwenyewe, mtaipata haina hata masizi." Otmari akamweleza kwamba kanuni ikivunjwa mara moja, imekwisha. Wakianza kutoa sufuria kwa sababu ya tumbo la fulani, kesho watatoa kwa sababu ya mafua. Gaudensia akaurudia mwiko wake. "Haya," alisema. "Nyie ndio wenye stoo." Asubuhi akashuka na dumu kuchota maji mahali pale pale walipochota wote.

Jumatano, kabla jua halijakausha umande, akaanza kuhara. Saa sita macho yake yalikuwa yameingia ndani na sauti imekauka. Skolastika alikuja na pakiti zake za unga wa chumvi na sukari, akakoroga, wakamnywesha kijiko baada ya kijiko, yote yakarudi. Gari lisingeweza kufika kwa sababu ya tope. Vijana wakambeba kwenye kitanda cha kamba kuelekea zahanati, Otmari akitembea pembeni ameshika mkono wake. Hawakufika nusu ya njia. Alasiri waligeuka wakarudi naye, na hakukuwa na haja ya kukimbia tena.

Ringi ikagongwa.

Na hapo, ndugu zangu, mngependa kuwepo. Otmari mwenyewe alifungua stoo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye ufunguo. Wanaume wakaja na makoleo, hata wale ambao wiki nzima walilalamika kuumwa kiuno. Kaburi lilikwisha kabla ya saa nne asubuhi. Na kwa kuwa walikuwa wengi, na wingu limetanda juu yao, wakachimba mfereji mrefu upande wa juu wa maturubai ili maji ya mvua yasiwafikie waombolezaji. Kisha wakachimba choo kipya cha wageni, wakakiwekea mfuniko wa mbao uliorandwa, kwa kuwa ingekuwa aibu wakwe watoke mbali waone choo kibovu. Sufuria zote tatu zilikuwa motoni tangu alfajiri. Kuni zilizolowa zilipatikana kavu. Nani atakosa kuni za msiba? Kwa siku tatu hakuna aliyekunywa maji mabichi, maana mfiwa hapewi maji mabichi, anapewa chai. Kwenye lango la ua akasimama Skolastika na jagi na sabuni. Mwenyekiti alipofika akanyoosha mikono, naye akammiminia maji ya uvuguvugu, mwenyekiti akasugua viganja na katikati ya vidole, taratibu, kama alivyofundishwa miaka sita bila kufundishika. Kila alichoomba Skolastika barazani alikuwa amekipata. Alitakiwa tu kuleta marehemu.

Karibu kijiji kizima kilikula na kunywa pale. Kwa siku hizo tatu hapakuwa na mgonjwa mpya hata mmoja. Skolastika aliliandika hilo kwenye daftari lake, na daftari hilo hakuna aliyelisoma.

Siku ya nne matanga yakaanuliwa. Mwenyekiti akatoa hotuba, akakisifu chama, akasema marehemu amezikwa kwa heshima aliyostahili. Watu wakakubaliana kwamba kila kitu kilikwenda vizuri, isipokuwa chai, ambayo haikuwa kama ile waliyoizoea. Vyombo vikaoshwa, na Otmari akavipokea kwa namba kama siku zote. Viti vikaingia. Majagi yakaingia. Sufuria ya kwanza ikaingia, na ya pili. Ya tatu akaitwika kichwani akashuka nayo mpaka chemchemi, akaitega juu ya mafiga matatu, akaijaza maji, akapiga magoti kuwasha moto. Hakujua kuwasha moto. Maisha yake yote aliwashiwa. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, na watu waliopita wakasema ni moshi. Skolastika akaja akapiga magoti upande wa pili, wakapuliza wote wawili. Siku mbili Otmari aliwachotea watu maji yaliyochemka, na wachache walikuja kuyachukua, wengine kwa kumhurumia.

Kamati ikakutana. Hawakumkaripia, walikuwa watu wema. Walisema huzuni imemchanganya, apumzike. Wakamvua kamba shingoni kwa upole, kama unavyomvua mgonjwa shati, wakampa ufunguo mtu mwingine mwenye msimamo. Sufuria ikarudi stoo, namba tatu, mahali pake. Kabla mvua haijakatika ringi iligongwa mara mbili nyingine. Wote wawili walizikwa vizuri sana.

Sasa msitikise vichwa kuwasikitikia watu wa mteremkoni. Ninawafahamu nyie mnaonisikiliza. Mtu akilazwa mnakodi gari zima kwenda kumwangalia na chupa za chai. Mkiambiwa mkapime presha mnasema hamuumwi. Kadi ya chanjo ya mtoto hamjui iliko, lakini sare ya msiba mnajua imekunjwa kwenye sanduku gani. Makoleo mnayo, sufuria mnazo, na mikono yenu ina nguvu, nimeiona ikichimba. Ufunguo uko shingoni mwenu. Basi atakapokuja mtu kuwaomba nusu siku, akiwa na tope hadi magotini, nanyi mkamuuliza nani amekufa, mnataka awatajie jina la nani?