Lango la Maji la Mjane

Sogeeni, akina mama, na mlango urudishieni. Apeni kwanza: haya hayatoki humu. Mmeapa? Haya, hata mimi niliapa hivyo hivyo, na mnaniona.

Kulikuwa na mjane mmoja, mkulima wa mpunga. Kwenye skimu yao ya umwagiliaji malango ya mfereji hufunguliwa kwa simu: unaingia kwenye tovuti, unaandika nywila, unaomba maji, na amri inakwenda hadi kwenye mtambo kule mtoni. Kumbe nywila iliulizwa mlangoni tu, pale kwenye tovuti. Mtambo wenyewe ukitajiwa jina la mwenye lango, unatii. Na mtu fulani alijua kuupelekea amri bila kupita mlangoni.

Basi lango la mjane likawa linajifunga, maji yanateremka kwa jirani wa chini. Mpunga wake ukaanza kukauka ukiwa na mimba. Akaenda ofisi ya skimu analia. Karani akaangalia kompyuta.

"Mama, umelifunga mwenyewe. Jina lako hili hapa."

"Mwanangu, nifunge maji nile nini?"

"Labda ni uzee, mama."

Wakacheka. Nasi je? Wangapi hapa tumeshamhukumu mtu kwa sababu jina lake limetajwa tu? Msinitazame mimi!

Fundi mmoja akamwonea huruma. Jumapili asubuhi akaubadili mtambo, bila kutangaza: kila amri, hata ndogo, ithibitishwe kwanza kwenye simu ya mwenye lango. Lakini majaruba ya juu, vile vipande vya shamba lake la mpunga, yalishakufa. Lilibaki moja, chakula chake cha mwaka.

Ibadani akasimama mzee wa kanisa, yule jirani wa chini, kumwombea. Simu mkononi, si mnajua siku hizi Biblia imo humo?

"Tufumbe macho. Ee Bwana, mtazame mjane huyu, mpe maji..."

Ngojeni hapo. Sisi tunaulizwa mlangoni tu, siku ya ubatizo. Baada ya hapo tunatumia Jina lile tutakavyo, tunafunga riziki za watu, tunasema amina. Tunadhani Mungu naye anauliza mara moja tu?

Simu ya mjane ikalia. Akasoma kwa sauti, kama tusomavyo sisi wa darasa la nne:

"Kuna mtu anaomba kufunga lango lako. Ni wewe?"

Kanisa zima likafumbua macho. Mchungaji, aliyesimama bega kwa bega na mzee, akaichungulia simu ya mzee. Hapakuwa na Biblia. Palikuwa na jina la mjane, na kidole gumba cha mzee juu yake.