Doa Jekundu kwa Fundi Cherehani

Ieleweke kwa wakubwa na wadogo kwamba mji usiojua wezi wake wako wapi ni sawa na chungu kisicho na kitako. Nimeikagua sentensi hiyo mara mbili na bado ni nzuri, ila haihusiani sana na methali niliyopewa katika shindano hili la insha, nayo ni: mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Maana yake, mtu anaweza kujiziba mdomo kwa leso, akageukia ukutani, akajifanya anasafisha koo. Wote waliomo chumbani wameshajua.

Katika kituo kimoja cha polisi alikuwepo mchora ramani, kapera mpole kama maji ya mtungini. Kazi yake ilikuwa kuonyesha wizi umekithiri wapi, na njia alikuwa nazo tatu. Ya kwanza, kutia nukta kila palipoibiwa kitu. Ya pili, kuugawa mji kwa miraba na kuhesabu matukio ya kila mraba. Ya tatu, aliyoipenda kama mboni ya jicho, ilikuwa ya madoa: kila tukio hutandaza wekundu kuzunguka mahali pake, kama mafuta juu ya kitambaa, na mchoraji ndiye anayeamua doa litanuke kiasi gani.

Hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa. Nyuma ya stendi ya mabasi, iliyojaa wezi wa mifukoni, kulikuwa na kichochoro kitulivu, na humo fundi cherehani mwenye kicheko cha kumsahaulisha mtu alikokuwa akienda. Kanuni ya kituo ilisema eneo likiwa jekundu, mchora ramani akalikague kwa miguu yake mwenyewe. Basi akalitanua doa kidogo. Wekundu wa stendi ukamwagikia kichochoroni. Akaenda kukagua.

"Umeibiwa chochote, dada?"

"Mimi? Labda wewe uniambie, kaka, huku kinaibiwa nini." Akacheka.

Alirudi kituoni hajui kama anakanyaga ardhi. Wiki iliyofuata doa likatanuka tena.

Alichosahau ni kwamba ramani ile hubandikwa nje ya kituo, kila mtu aisome. Wateja wakaisoma. Bibi harusi akalipeleka gauni lake kwingine. Wazazi wenye sare za watoto wakakikwepa kichochoro kama ugonjwa. Cherehani ikanyamaza.

Mkuu wa kituo, mama mtu mzima asiyepepesa macho, akataka njia zote tatu zilinganishwe. Akazitandaza mezani.

"Nukta zinasema stendi. Miraba inasema stendi. Madoa yako yanasema kwa fundi cherehani. Huyo fundi anaiba nini?"

Mchora ramani akatazama viatu vyake. Masikio yakamchemka.

"Mh! Basi nimekuelewa, mwanangu. Kaibandue hiyo ramani, halafu ukimbie. Nasikia anahama leo."

Alimkuta akiifunga cherehani kwa blanketi, mkokoteni ukingoja mlangoni.

"Dada, huku hakuna wezi. Ni mimi niliyepapaka rangi. Nilitaka sababu ya kuja."

Fundi alimtazama, kamba ingali mkononi. Safari hii hakucheka.

"Ungeleta suruali tu, kaka. Ningeipunguza, ukarudi nikaiongeza. Nilikuwa nakungoja."

"Basi baki."

"Nimeshafilisika, na chumba kimeshapata mpangaji. Nakwenda kwa dada yangu." Akamtajia mji, taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu asikiangushe.

Siku hizi mchora ramani anatumia miraba, na kazi yake inasifiwa. Lakini jioni, wenzake wakishaondoka, hufungua ramani ya mji ule wa mbali, ambao haumhusu kikazi, akaivuta karibu hadi vichochoro vionekane. Hakuna nukta hata moja. Nilipomuuliza anatafuta nini, Mjomba alisema anaangalia usalama tu.

Nimeandika Mjomba. Nilikusudia kufuta, lakini wino umeshakauka. Haya, nakiri: ni mjomba wangu, kaka yake mama, na mimi sikuingia shindano hili kwa ajili ya zawadi. Insha itakayoshinda itachapishwa gazetini, na gazeti hilo nimehakikisha linafika katika mji ule. Yeye hataandika, anaona haya. Basi nimekohoa kwa niaba yake, kwa sababu mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.