Kwa Nini Ngiri Hula Amepiga Magoti

Ngano, ngano!
— Na ije!
Ije mbio?
— Ije kwa mwendo wake!
Ikichoka njiani?
— Tutaingoja!

Haya. Hapo kale, kabla mtu hajabuni barua ya maombi ya kazi, palikuwa na Mama Kalunguyeye. Mnamjua kalunguyeye: kanyama kadogo, mgongo wote miiba, miguu mifupi ya kuazima. Akitishwa hujikunja akawa mpira. Alikuwa na watoto watatu na shimo moja. Lakini shimo lenyewe lilikuwa mwinukoni. Masika yakija, maji hupita chini, ndani kukabaki kukavu.

Na palikuwa na Ngiri. Ngiri alikuwa na mashimo manne. La usiku, la mchana, la wageni, na la nne alishasahau ni la nini. Sasa akalitaka la tano. Msishangae. Mwenye manne ndiye husikia njaa ya la tano. Mwenye moja husikia usingizi tu.

Akaja, kwatu kwatu kwatu, mkia wima kama antena.

"Hodi humu! We mama, hama."

"Nihamie wapi, Mzee Ngiri? Masika yako mlangoni. Huko bondeni wanangu watakufa maji."

"Hiyo si ishu yangu. Mimi ni mkubwa, nina mahitaji."

Wakaenda kwa Fundi Mhanga, mwenye pua ndefu, aliyechimba mashimo yote ya mbuga ile. Mhanga akasema kanuni ni ile ile: wawili wakigombea shimo, hushindana mbio. Mnatoka shimoni, mnauzunguka mkuyu wa mtoni, mnarudi. Atakayetangulia kuingia, lake. Siku ya saba, alfajiri.

"Fea kabisa," akasema Ngiri, akacheka hadi kamasi likamtoka. "Mama, una eksperiensi ya mbio?"

"Sina."

"Hata ya kujitolea?"

"Sijawahi kukimbia popote. Nikitishwa najikunja."

"Basi sori. Anza kufungasha."

Siku ya kwanza Kalunguyeye akakimbia hatua ishirini, akatembea ishirini. Tipu tipu tipu, kisha hee, hee, hee. Kifua kiliwaka, mapaja yakamlilia. Siku ya pili akakimbia thelathini, akatembea ishirini. Siku ya tatu akapumzika, majirani wakasema, "Ameshakata tamaa." Siku ya nne akakimbia hamsini.

Na kila alipomaliza, mwili ungali moto, alifanya lile alilozaliwa nalo. Alijikunja polepole, mgongo ukawa duara. Akajikunjua polepole, nyayo nyuma, pua mbele. Pale msuli ulipovuta, alikaa akihesabu pumzi kumi. Pale ulipouma, alirudi nyuma kidogo. Mjini siku hizi wanaiita yoga, wana mikeka yake na picha za kupiga. Yeye hakuwa na mkeka. Alikuwa na wimbo:

Pole, mguu, pole.
Leo hapa, kesho pale.

Siku ya sita jioni Ngiri akaja kupima mlango wa shimo "lake" kwa makalio yake. Akamwona Kalunguyeye anatoka mkuyuni, anakimbia, hajalala chini, hajazimia. Kicheko kikamkauka.

"We mama! Unatumia dawa gani?"

Hapo Kalunguyeye akafikiri. Angeweza kumdanganya: mzee, meza matope, mzee, lala kichwa chini. Lakini uongo Ngiri angeunusa mara moja. Alikuwa mwongo wa miaka mingi, na mwongo huijua harufu ya kwao. Basi akaamua kumpa kitu ambacho hajawahi kukipokea kutoka kwa mdogo. Akamwambia ukweli.

"Sikiliza, mzee. Kesho alfajiri kutakuwa na baridi. Usijinyooshe mwili ukiwa baridi. Tembea kwanza, kisha kimbia kidogo kidogo mpaka damu ichangamke. Ukijinyoosha, usidundedunde. Nenda polepole, pumua. Ukisikia maumivu, acha. Na usitake vyote kwa siku moja, misuli haijui cheo."

Ngiri akamtazama kwa jicho moja.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Bure?"

"Bure."

Ngiri akaondoka akiguna. Njia nzima alisema peke yake: "Kananiona fala. Kadogo kampe mkubwa siri yake, tena bure? Kamegeuza kila kitu! Kakisema polepole, maana yake haraka. Kakisema acha, maana yake ongeza."

Kalunguyeye alimsikia. Hakumwita nyuma.

Siku ya saba, alfajiri, baridi ilikuwa ya kung'ata masikio. Kalunguyeye alitembea kuzunguka shimo, mara tatu, mara nne, kisha akakimbia kidogo. Ngiri alitoka kitandani moja kwa moja. Akapandisha mguu wa mbele juu ya kisiki, akaanza: dunda! dunda! dunda!

"Inauma," akajiambia. "Maana yake inaingia."

Akaongeza. Dunda! dunda! Ndani ya mguu kitu kikalia: kach! Akapandisha na wa pili, usionewe. Dunda! Kach!

"Upo salama, mzee?" akauliza Mhanga.

"Nou prablem," akasema Ngiri, jasho likimtiririka kwenye baridi ile.

Mhanga akapiga ardhi: pu!

Ngiri akafyatuka, kwatu kwatu kwatu, vumbi likafunika njia. Kalunguyeye nyuma, tipu tipu tipu. Hajafika hata nusu ya njia ya kwenda, akakutana na Ngiri tayari anarudi.

"Fungasha, mama!"

Kalunguyeye akawaza masika. Aliwaona wanawe watatu, maji yamewafika shingoni. Miguu ikataka kuruka, kwenda kasi ambayo haikufundishwa. Akaituliza kwa maneno: Pole, mguu, pole. Akaendelea kwa mwendo wake, maana huo ndio pekee aliokuwa nao. Na nyuma yake akasikia vishindo vya Ngiri vinabadilika. Kwatu... kwa. Kwatu... kwa.

Akauzunguka mkuyu. Akarudi. Karibu na mwinuko akamkuta Ngiri katikati ya njia, miguu ya mbele imejikunja imegoma, magoti chini, makalio juu, antena bado wima.

"We mama! Niinue!"

"Miiba yangu na uzito wako, mzee, tutaumizana. Pumua mara kumi."

"Ulinidanganya!"

"Nilikuambia ukweli."

"Ndiyo! Ndivyo ulivyonidanganya!"

Tipu tipu tipu, Kalunguyeye akapita, akaingia shimoni, akawafunika wanawe. Jioni ile mvua ikashuka. Maji yakapita chini.

Ngiri akataka kukata rufaa. Mhanga akamwambia rufaa hupokelewa kutoka kwa aliyesimama.

Ndiyo maana hadi leo ngiri akila majani hupiga magoti. Wageni wanaopita humwonea huruma, wanasema, tazama mnyama mkubwa alivyo mnyenyekevu. Ingekuwa unyenyekevu, angekuwa amerudisha hata shimo moja.

Sasa funzo, maana ngano isiyo na funzo haipiti kwenye kamati. Kwanza, mazoezi ni hatari, kaeni chini. Pili, mdogo akikupa ushauri wa bure, fanya kinyume chake. Wakubwa wetu wengi wamefika pale walipo kwa njia hiyo hiyo, na mnawaona walivyokaa.

Ngano yangu nimeianika mbele yenu kama dagaa. Mwenye kuokota, aokote. Mwenye kukanyaga, asinitafute.