Fisi Alivyotoa Mtama wa Mama Digidigi

Jamani, nina ngano!
— Imwage!
Ya kweli au ya uongo?
— Yoyote, mradi tamu!
Haya, kaeni vizuri. Na wewe wa nyuma, zima simu hiyo.

Hapo kale, lakini si kale sana maana kompyuta zilikuwapo, wanyama wa bondeni waliweka mtama wao katika ghala moja kilimani. Mlinzi wa ghala alikuwa Kobe. Hakuna aliyejichosha kupanda kilima. Ukitaka mtama, unaingia kibandani, unafungua kompyuta ya kijiji kwa jina lako na neno lako la siri, halafu unaita programu. Programu inampelekea Kobe ombi lenye jina na neno la siri. Kobe akiridhika, anafungua fungu la mwenye jina hilo, na mtama unashuka kwa bomba: chwaaa!

Programu hiyo aliiandika Kindi. Mdogo yule, lakini vidole vyake havina breki. Sasa wanyama wale walikuwa wavivu, wasikasirike. Walimwambia Kindi, "Fundi, tusiandike maneno mara mbili!" Kindi akamwekea kila mmoja faili yake humo humo kibandani, jina na neno la siri vimeandikwa wazi. Unachagua faili yako, unabonyeza, basi.

Siku moja Mama Digidigi akaja mbio, machozi yanamtoka.

"Kindi, mwanangu, mtama wangu unapungua na mimi sijautoa! Kiangazi kinakuja, watoto wangu watakula nini? Programu ni yako. Usiponionyesha mwizi, nitasema ni wewe."

Kindi akaumia moyoni. Mchana, wenzake wakiwa wamejinyoosha vivulini, akajibanza darini kibandani. Mara, kishindo: ndi, ndi, ndi! Fisi huyo. Akafungua kompyuta kwa jina lake mwenyewe. Akachagua faili ya Digidigi. Akabonyeza, ta! Mtama ukashuka, chwaaa! Fisi akacheza huku anaimba:

"Kula, tumbo langu, kula, mwenye mtama kalala!"

Ashitakiwe? Thubutu! Nani atashindana na meno yale? Fisi angeapa, na Kindi angegeuzwa kitoweo.

Fisi alipoondoka, Kindi akashuka. Ta-ta-ta-ta! Faili hakuzigusa hata moja. Aliongeza mistari michache tu ndani ya programu: "Ukishasoma faili, sawa. Lakini kabla ombi halijatoka, tupa jina na neno ulilosoma. Weka jina na neno la yule aliyefungua kompyuta sasa hivi." Akajifuta vumbi, akaenda zake.

Kesho yake Fisi akaja. Akafungua kompyuta. Akachagua faili ya Digidigi, jina la Digidigi likang'aa kwenye kioo. Akabonyeza, ta! Chwaaa!

"Kula, tumbo langu, kula, mwenye mtama kalala!"

Akaja tena. Ta! Chwaaa! Akaalika mashemeji. Ta! Chwaaa! Akapika pombe, akamwaga iliyobaki, akaalika mashemeji wa mashemeji. Mama Digidigi naye kila akiangalia fungu lake, limetulia. Akamletea Kindi karanga na kumwomba radhi, na Kindi akazila, jina la mwizi akabaki nalo.

Kiangazi kikaingia. Mashimo yakakauka, majani yakawa makapi. Sasa Fisi akakumbuka mtama wake mwenyewe. Akachagua faili yake, akabonyeza, ta! Bomba likakohoa: kho, kho. Vumbi tupu.

"Nimeibiwa!" Fisi akapiga mayowe mpaka kilimani. Wanyama wote wakamfuata. "Kobe, nimeibiwa! Mtama wangu uko wapi?"

Kobe akatoa shingo taratibu. "Umeutoa wewe, Mzee Fisi. Maombi yote yamekuja kwa jina lako na neno lako la siri."

"Mwongo mkubwa! Fungu langu sijaligusa msimu mzima! Mimi kila siku nilikuwa nabonyeza la Digidigi!"

Wanyama wote wakamgeukia Fisi.

Mama Digidigi akasogea mbele, kijimwili chake hakifiki hata goti la Fisi. "Rudia hapo, Mzee Fisi. Watoto wangu hawakusikia vizuri."

Fisi akatazama kushoto, meno. Akatazama kulia, pembe. Akageuka, mkia katikati ya miguu, akatokomea na tumbo lake tupu. Jioni hiyo Kindi akafuta faili zote, na safari hii hakuna mvivu aliyenung'unika.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: muigeni Fisi kwa uaminifu. Mashemeji wote wale, karamu zote zile, na humo hakula punje ya mtu.