Karani Apata Mwenyewe

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana wanyama walikwisha kununua kompyuta, palikuwa na programu iliyoitwa Karani. Karani aliandika barua, akapiga hesabu, akapamba hata mialiko ya harusi. Na nani alimtengeneza? Wote! Nyegere alitia hiki, Korongo akarekebisha kile. Aliyemtaka alimchukua bure, na aliyeona kasoro alipiga kelele mpaka itengenezwe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao.

Kila mwezi ulipoandama, Pimbi alipanda juu ya jiwe akatangaza habari za Karani. Pimbi mnamjua? Kale kanyama ka majabalini. Mkia hana, lakini mdomo anao!

"Habari, habari!"

"Zilete!"

"Nyegere ameziba tundu lililokuwa likimeza hesabu!"

"Hongera, Nyegere!"

"Na katika toleo jipya, jamani, Karani atajua Kipimbi! Wanangu wataandika kwa lugha ya mama yao!"

Masika nzima alikuwa akitafsiri, neno baada ya neno, mpaka macho yakamwasha.

Makofi hayajaisha, ardhi ikatikisika. Tii! Tii! Tii! Bwana Kifaru huyo!

"Nyamazeni! Kitu kizuri namna hii hakina mwenyewe? Aibu! Kuanzia leo Karani ni wangu. Jina langu litakaa juu ya kila ukurasa. Na hicho Kipimbi nakifuta! Lugha gani hiyo, ya kusemwa majabalini tu?"

Akatikisa pembe. "Nani anapinga?"

Nani apinge? Hata Nyegere alitazama kucha zake.

Pimbi moyo ulimuuma, chozi likamlenga. Kisha akafikiri kidogo, akainama mpaka pua ikagusa jiwe.

"Hewala, Bwana Mkubwa. Naomba ruhusa moja tu, niitangaze habari hii kila mahali, wote wajue Karani ni wa nani."

"Tangaza! Tangaza mpaka ng'ambo ya mto!"

"Na nyumbani kwako niwaelekeze?"

"Waelekeze! Mlango wangu u wazi. Kipimbi nitakifuta kesho, nikishakunywa chai."

Wee! Pimbi akatoka mbio, jiwe hadi jiwe, akipaza sauti. "Habari kubwa! Karani amepata mwenyewe! Aliyeona kasoro asitupigie kelele sisi tena. Aende kwa Bwana Kifaru, mlango u wazi!"

Asubuhi Kifaru akakaa kunywa chai. Hajainua kikombe, ngo ngo ngo!

"Hodi!" Kanga akaingia. "Barua yangu imegeuka vijisanduku vitupu. Nitengenezee."

"Mimi? Najua nini mimi?"

"Si wewe mwenyewe wa Karani?"

Ngo ngo ngo! Ngiri. "Nimeprinti mwaliko, bwana harusi amekatika nusu!"

Ngo ngo ngo! Nyani. "Nimefuta faili langu. Lirudishe!"

"Krooo!" Chura naye. "Na mimi mbona Kichura hamna?"

Foleni ikafika mtoni. Kifaru akajaribu kutengeneza, akabonyeza kitufe kwa pembe. Kraa! Kibodi ikapasuka vipande viwili.

Bi Kifaru akatoka jikoni, mikono kiunoni. "Baba watoto, umetuletea nini hapa?"

"Heshima, mke wangu."

"Basi heshima yako inakula mchicha wangu!"

Kifaru akachungulia bustani. Halikubaki hata shina moja. Akatoka mbio hadi kwenye jiwe la Pimbi, foleni nzima ikimfuata nyuma.

"Pimbi, ndugu yangu, mchukue Karani wako!"

"Wangu? Thubutu! Wageni wako nimewaona."

"Sasa wa nani?"

"Sema wewe, Bwana Mkubwa. Sema wote wasikie."

Kifaru akahema. "Wa wote! Karani ni wa wote!"

"Na Kipimbi?"

"Kibaki! Hata Kichura kiingie!"

"Krooo! Nimesikia!" akasema Chura. "Naanza kutafsiri leo leo!"

Mwezi ulipoandama tena, Pimbi akapanda jiweni. "Habari, habari! Bwana Kifaru ameleta kasoro yake ya kwanza. Anasema vitufe ni vidogo mno!"

"Hongera, Kifaru!" wote wakapiga makofi. Kifaru akainamisha masikio kwa haya, lakini alikuwa akicheka.

Na barua ya kwanza ya Kipimbi iliandikwa na wanawe Pimbi kwenda kwa Bi Kifaru. Waliomba radhi kwa ajili ya mchicha, na ndani ya bahasha wakatia mbegu.

Nami habari zangu zimekwisha, wanangu, nanyi shikeni hili: anayejitwalia cha wote, ajitwalie na kelele za wote.